Begi Namba Kumi na Saba

Kila begi lililotoka stoo ile lilitoka na vitu kumi na viwili, na Mama Lakiri aliweza kuvitaja hata usingizini bila kuruka kimoja: filimbi, kioo cha kumulikia, dira, kisu, kiberiti kilichochovywa nta, mshumaa, kamba ya mita kumi, turubai jepesi, blanketi la karatasi inayong'aa, vidonge vya kusafishia maji, bendeji, na chupa ya lita mbili ya maji ya akiba. Mwenye begi hilo mgongoni, alipenda kusema, hafi porini labda aamue mwenyewe.

Jina la Mama Lakiri hakupewa na wazazi. Alipewa na wapimaji wa ofisi ile, tena kwa kinyongo, na ukitaka kujua kwa nini inabidi turudi nyuma kidogo.

Kazi ya wapimaji ilikuwa kwenda porini wiki mbili mbili, kutafuta mawe ya mpaka na kuyahakiki. Kila waliporudi, mabegi yalirudi yamekonda. Kiberiti kimehamia jikoni kwa mtu. Kamba imekuwa ya kuanikia nguo. Turubai moja alilikuta yeye mwenyewe, kwa macho yake mawili, limeezekwa juu ya banda la kuku nyumbani kwa dereva, na dereva akamjibu bila haya kwamba kuku nao ni viumbe vya Mungu. Mkaguzi alipokuja kuhesabu alikuta filimbi nne kwenye mabegi ishirini na mawili. Unadhani barua ya onyo ilikwenda kwa mwenye kuku? Ilikuja kwa mwenye stoo. Mwenye stoo ni mwizi mpaka athibitishe kwamba si mwizi, na katika ofisi nyingi nilizozijua mimi mambo ndivyo yalivyo.

Basi akabuni dawa yake. Akatafuta waya wa chuma uliosokotwa mara mbili, akaupitisha kwenye matundu ya zipu zote za kila begi, akabana ncha zake kwa kipande cha madini laini ya risasi chenye namba. Hiyo ndiyo lakiri. Begi likitoka limefungwa, sharti lirudi limefungwa. Atakayevunja ataandika barua ya maelezo, nakala tatu, na ataisoma mbele ya wenzake uwanjani Jumatatu asubuhi. Toka siku hiyo hakikupotea hata kijiti cha kiberiti. Meneja alimsifu kikaoni, na yeye akachukua brashi na rangi nyekundu akaandika juu ya mlango wa stoo: AKIBA HAIOZI.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Huyo alikuwa Sajini, askari mstaafu aliyeajiriwa kuwafundisha wapimaji jinsi ya kuishi porini mambo yakienda kombo. Mafunzo yake yalikuwa ya vitendo. Kila mwezi aliwatoa uwanjani, akawawashisha moto, akawafungisha turubai, akawapulizisha filimbi mpaka majirani wakalalamika. Alimaliza viberiti, alichana maturubai, alirudisha filimbi zimejaa mate. Mama Lakiri akaandika kwa Meneja kwamba mafunzo yanamaliza vifaa. Meneja, ambaye hakupenda kelele wala barua ndefu, aliamua kwamba kuanzia hapo watu wajifunze kwa picha. Picha zikabandikwa ukutani, na Sajini akapelekwa getini kufungulia magari.

Siku alipomrudishia funguo za stoo alimwambia, "Mama, akiba haiozi, nakubali. Lakini begi ambalo mtu hajawahi kulifungua ni jiwe tu umembebesha."

"Uzee unakusumbua, Sajini," alijibu Mama Lakiri, akaendelea kubana risasi zake.

Sasa, mdogo wake. Alikuwa kitinda mimba wa kwao. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake minne, na kuanzia siku hiyo Mama Lakiri akawa dada asubuhi na mama jioni. Alimlea, akamsomesha, akamtafutia kazi ya upimaji katika ofisi hiyohiyo. Na kwa kuwa wafanyakazi wana midomo, alikula yamini kwamba hakuna atakayesema dada anampendelea. Mwaka uliopita mvua iliwakuta porini. Mdogo wake alivunja lakiri akatoa turubai kufunika kifaa cha kupimia, kile chenye lenzi ambacho kikiingia maji hakitengenezeki. Kifaa kilipona. Mama Lakiri alimwandikisha barua, nakala tatu, na Jumatatu akamsimamisha uwanjani, naye akaisoma. Alipofika kwenye maneno "naahidi kutorudia," watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, masikio yanamwaka. Jioni nyumbani hakumsemesha dada yake, na dada yake alijiambia kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo.

Jumatano moja asubuhi Mama Lakiri alikuwa anahesabu betri, Meneja akaingia stoo mwenyewe. Meneja hakuwa na desturi ya kuingia stoo. Alikuwa na desturi ya kuita.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Wamepiga redio kutoka kambini. Mdogo wako jana alasiri aliachana na wenzake kwenda kuangalia jiwe moja, karibu tu, akasema nusu saa. Hajarudi."

Mama Lakiri alimtazama. Kisha, na hili Meneja alilisimulia baadaye kwa watu wengi, akafungua daftari lake, akateremsha kidole ukurasani.

"Ana begi namba kumi na saba," alisema. "Mtafuteni kwa moshi na filimbi. Ana maji ya siku mbili, tatu akijibana. Kila kitu anacho."

"Wamesikiliza usiku kucha. Hawajasikia filimbi."

"Basi hawakusikiliza vizuri!"

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na ikakaa kwenye ofisi ile siku tatu kama mgeni asiyejua kuaga. Mama Lakiri alihamia chumba cha redio. Chumba kilikuwa na dirisha moja, feni iliyokwama, meza yenye miguu mitatu mizima na mmoja wa matofali, na redio yenyewe ambayo ilikoroma zaidi ya ilivyosema. Kila saa kambi iliita, na kila saa jibu likawa lilelile: gari mbili zinazunguka, watu wanatembea, hakuna moshi, hakuna filimbi, hakuna mng'ao wa kioo.

"Waambie wazime injini wasikilize!" alimfokea Meneja.

"Wanazima, Mama. Kila baada ya kilomita moja wanazima."

"Basi hawazimi pale alipo! Filimbi ile inasikika mbali, imeandikwa kwenye boksi lake. Mwambie kiongozi wa kambi asome boksi!"

Meneja akamwambia kiongozi wa kambi asome boksi. Kiongozi wa kambi akajibu, kwa sauti iliyokatikakatika, kwamba haoni boksi, anaona miti tu.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu jua lilikuwa kali, na Mama Lakiri aliliona likiwaka dirishani akajua kwamba linawaka na kule. Watu walimletea chai, akaiacha ikapoa. Walimwambia Mungu yupo, akawajibu kwamba anajua Mungu yupo, anachouliza ni moshi uko wapi. Alimgombeza dereva aliyerudi kuchukua mafuta kwa nini amerudi. Akamgombeza tena kwa nini bado hajaondoka. Alikasirikia ramani, alikasirikia betri za redio, na zaidi ya vyote alimkasirikia mdogo wake. Mtu ana kiberiti, hawashi. Ana kioo na jua lote hilo, hamuliki. Ana filimbi, kazi ya kupuliza tu, jambo ambalo mtoto wa chekechea analiweza, na hapulizi.

"Nimemlea mtu bubu," alisema kwa sauti, peke yake chumbani, halafu akaogopa alichosema akaziba mdomo kwa mkono.

Alasiri alitoka akaenda mpaka getini. Sajini alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alisimama alipomwona.

"Sajini, wewe ndiye mwalimu. Kwa nini mtu asipulize filimbi?"

Sajini alitafuta neno lisiloumiza, na mtu aliyezoea kuamrisha askari si mwepesi wa kupata maneno ya namna hiyo.

"Labda ameumia mikono," alisema.

"Au?"

"Au hajaitoa."

"Atakosaje kuitoa? Iko begini, mfuko wa juu, upande wa kulia! Picha iko ukutani!"

"Mimi sijui, Mama," alisema Sajini. "Mimi siku hizi ni mtu wa geti."

Akarudi ndani na hasira yake, na hasira yenyewe hakujua tena ni ya kumkasirikia nani.

Ijumaa saa nne asubuhi redio ilikoroma, ikanyamaza, kisha ikasema kwa uwazi ambao haikuwahi kuwa nao wiki nzima: amepatikana. Mzima. Mrina asali aliyekuwa akikagua mizinga yake aliona kiatu chini ya kichaka, akadhani kimetupwa, alipokivuta akakuta kina mguu. Amekauka kwa kiu, hawezi kusimama, lakini anapumua na macho yanafuata. Wamemkuta hatua mia nne kutoka njia ya magari. Hatua mia nne! Gari zilipita pale Jumatano, zikapita Alhamisi, zikazima injini hapohapo.

Mama Lakiri alilia kwa sauti, akamshika Meneja mabega akamtikisa, akacheka, akalia tena. Wakaambiwa gari linamkimbiza moja kwa moja hospitali ya mjini, mwendo wa saa tatu. Saa saba na nusu alikuwa stoo anatafuta mkoba wake na kanga ya kumpelekea mgonjwa, dereva akaingia anahema, amejaa vumbi mpaka kope.

"Nimemfikisha, Mama, wamemtundikia dripu. Atapona, daktari kasema. Haya, kabla hujakimbia nipokelee hili, nisije nikaambiwa na mimi nimepoteza."

Akaweka begi namba kumi na saba juu ya kaunta.

Kuna mambo mkono hufanya wenyewe. Kwa miaka sita, begi likitua pale, mkono wa kushoto ulishika risasi na wa kulia ulishika kalamu. Namba sahihi. Risasi nzima. Waya haujakatika. Lakini waya ulikuwa umekwaruzwa. Karibu na risasi kulikuwa na vijishimo, viwili viwili, na mahali pamoja umepinda. Mtu ameuchezea. Hata kwa furaha aliyokuwa nayo, ile hasira ya zamani, hasira ya banda la kuku, ilimpanda. Akafungua daftari akaandika kwa wino mwekundu: *Na. 17. Lakiri nzima. Waya una alama za kuchezewa. Mbebaji atoe maelezo.* Akatia sahihi. Akashika mkoba wake akakimbia.

Alikuwa ameshafika barabarani ndipo wazo la kwanza lilipomgonga: lakiri nzima. Alisimama katikati ya njia, pikipiki ikampigia honi. Lakiri nzima maana yake filimbi imo ndani. Kioo kimo ndani. Maji yamo ndani, lita mbili, hayajaguswa.

Wodi ilikuwa na vitanda nane na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Mdogo wake alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amekuwa mdogo kweli, uso umebanduka, midomo imepasuka. Alipomwona dada yake alijaribu kujiinua. Muuguzi akamrudisha kwenye mto.

"Asiongee sana," alisema muuguzi. "Sauti imeisha. Anasema alipiga kelele siku mbili."

Mama Lakiri alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amepanga kumkumbatia, akajikuta anamgombeza, maana ndiyo lugha waliyoizoea wawili hao.

"Ulipiga kelele! Una filimbi mgongoni, unapiga kelele! Kwa nini hukufungua begi? Eh? Kwa nini?"

Alijibu kwa kunong'ona, na ilibidi ainamishe sikio karibu na midomo ile iliyopasuka.

"Siku ya kwanza nilijua watanipata jioni. Nikasema nisivunje kwa jambo dogo. Jumatatu ile sijaisahau, dada."

"Na siku ya pili?"

Akatazama dirishani, kisha akatazama shuka.

"Siku ya pili nilitaka. Nikaona heri aibu iniue huko mbele kuliko kiu iniue hapa. Lakini ule waya wako..." Akatabasamu kidogo, na hapo dada yake aliona kwamba jino moja la mbele limevunjika nusu. "Nilitafuta jiwe la kuukatia, pale mchanga mtupu. Vidole vikakosa nguvu. Kisu kiko ndani, dada. Nikatumia meno."

Mama Lakiri aliushika mkono wa mdogo wake, akaugeuza. Kucha tatu zilikuwa zimefungwa bendeji.

"Nimeukwaruza kidogo," alinong'ona mdogo wake. "Lakini haukukatika. Usiniandike, dada. Si nimeurudisha mzima?"

Na wino ulikuwa umeshakauka daftarini.

Alikaa naye mpaka akalala. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, muuguzi alimgusa bega mara mbili ndipo akasikia. Hakwenda nyumbani. Alirudi ofisini kwa miguu, jua likiwa bado juu kiasi, akafungua stoo. Begi lilikuwa palepale kaunta. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, akauweka waya kati ya meno yake, akauma. Aliuma kwa nguvu zake zote, mwanamke aliyeshiba, aliyelala kitandani jana, mwenye birika la maji karibu na mkono wake. Taya ziliuma, mdomo ukajaa ladha ya chuma. Waya haukusikia chochote. Alikuwa ameuchagua vizuri.

Akachukua koleo la waya akaukata. Ulikatika mara moja.

Mfuko wa juu, upande wa kulia, ilikuwepo filimbi, bado ndani ya nailoni yake. Aliitoa. Miaka sita ameihesabu, hajawahi kuipuliza. Akaipeleka mdomoni, akapuliza, mlio ukamshtua mwenyewe nusura aidondoshe. Ulipita dirishani, ukapita uwanjani. Vyumba vya ofisi vilikuwa vimefungwa, watu wamekwenda zao, hakuna aliyetoka.

Baada ya muda alisikia mtu anakimbia. Alikuwa Sajini, anahema, kofia mkononi, kiatu kimoja hakina kamba.

"Nani yuko taabuni?" aliuliza.

"Ulikuwa getini?"

"Sikuwa getini, Mama, usiniandike. Nilikwenda kwa fundi viatu, kule ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nimeisikia nikiwa nimekaa ndani, redio ya fundi inaimba."

Mama Lakiri alitazama kupitia dirishani: uwanja wa ofisi, geti, barabara, uwanja wa mpira mzima, na kibanda cha fundi viatu kikionekana kidogo kule mwisho. Hatua mia nne zingekwisha kabla ya goli la mbali. Aliketi juu ya boksi la betri.

Sajini aliona begi lililofunguliwa, akaona waya uliokatwa.

"Halafu umekosea," alisema polepole. "Umepuliza mara moja. Mara moja ni mwamuzi wa mpira. Mtu aliyepotea anapuliza mara tatu, anapumzika, anapuliza tena mara tatu."

"Sikujua."

"Imeandikwa kwenye picha."

"Sijawahi kuisoma," alisema Mama Lakiri. Akamwekea koleo mkononi, akamwonyesha rafu ya mabegi mengine yaliyokuwamo stoo. "Kata zote. Jumatatu asubuhi wote uwanjani, na mimi wa kwanza."

Sajini akaanza kukata. Mama Lakiri alivuta daftari, akafuta kwa mstari mmoja ile sentensi ya wino mwekundu, akatafuta cha kuandika badala yake, akakikosa. Aliweka kalamu chini, akachukua filimbi, akapuliza mara tatu, akapumzika, akapuliza tena.